Mkono wa Nani? Ugeuzaji wa Vipimo vya Urefu vya Mwili katika Kiswahili na Fasili Zake Kamusini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna vipimo vya urefu vinavyotokana na mwili wa binadamu, yaani wanda, futuri, shibiri, dhiraa na pima, vinavyogeuzwa kutoka kimoja hadi kingine katika Kiswahili, na namna kamusi zinavyofasili maneno hayo. Hoja kuu ni kwamba kitenzi "kugeuza" kinafunika matendo matatu tofauti: kugeuza ndani ya mwili mmoja, kugeuza baina ya miili, na kugeuza kwenda katika mfumo wa meta. Tendo la kwanza linahitaji uwiano tu. La pili linahitaji mapatano. La tatu linahitaji wastani. Makala yanaonesha kwamba takwimu za sentimita zinazozoeleka katika kamusi hazikutokana na kupimwa kwa mikono ya wazungumzaji wa Kiswahili, bali zimerithiwa kutoka katika yadi ya Kiingereza. Yanapendekeza fasili inayoanza na kitendo cha kupima, ikafuatiwa na uwiano, na kumalizia na makadirio ya kimeta.

Maneno makuu: vipimo vya mwili, dhiraa, shibiri, uwiano, fasili, leksikografia

1.0 Utangulizi

Msomaji anayefungua kamusi ya Kiswahili kutafuta neno dhiraa kwa kawaida hukutana na habari za aina mbili. Ya kwanza ni maelezo ya kiungo: umbali kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye ncha ya kidole cha kati. Ya pili ni tarakimu: takriban sentimita 46, au nusu yadi. Habari hizi huwekwa bega kwa bega kana kwamba zinasema jambo lile lile kwa njia mbili. Sivyo. Ya kwanza inaeleza kitendo ambacho kila mtu anaweza kukitenda kwa mkono wake mwenyewe na kupata jibu lake. Ya pili inadai kwamba jibu ni moja kwa watu wote.

Tofauti hiyo si ya kinadharia tu. Mfasiri anayeamua kuandika "sentimita 46" mahali palipoandikwa dhiraa, mhariri wa matini za fiqhi anayetaka kumweleza msomaji wa leo ukubwa wa birika, na mtafiti anayesoma hesabu za nguo katika kumbukumbu za misafara ya karne ya 19, wote wanafanya ugeuzaji, na kila mmoja anaweza kukosea kwa namna yake. Sehemu zinazofuata zinaeleza kwanza istilahi zenyewe, kisha uwiano unaoziunganisha, kisha aina tatu za ugeuzaji, na mwishoni athari zake kwa kamusi na tafsiri.

2.0 Istilahi na maumbo yake

Vipimo vikuu vya mwili katika Kiswahili vimeorodheshwa tangu maandishi ya awali ya kamusi na sarufi, na Johnson (1939) anavitaja vyote. Wanda ni upana wa kidole kimoja. Futuri, ambayo pia huitwa morita, ni umbali baina ya ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada vikitanuliwa. Shibiri, au shubiri, ni umbali baina ya ncha ya gumba na ncha ya kidole cha mwisho. Dhiraa, au mkono, hupimwa kutoka kiwikoni, nayo ina namna mbili: dhiraa kamili, inayofika kwenye ncha ya kidole cha kati, na dhiraa konde, inayoishia kwenye mafundo ya vidole mkono ukiwa umefumbwa ngumi. Pima ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa kulia na kushoto, ambao huchukuliwa kuwa sawa na kimo cha mtu.

Orodha hii inachanganya maneno ya asili ya Kibantu na mikopo ya Kiarabu, na mchanganyiko huo una mpangilio. Wanda, wingi wake nyanda, lina shina moja na chanda, neno la kidole linalofahamika zaidi katika lahaja za kaskazini, katika ushairi na katika msemo wa chanda na pete. Kiungo kiko katika ngeli ya KI-VI. Upana wa kiungo kile kile, ukiwa sasa ni kipimo, umehamia ngeli ya U-ZI. Kwa hiyo ngeli ndiyo inayotenganisha kidole na kipimo cha kidole. Katika mkono hakuna mabadiliko ya ngeli: neno moja linataja kiungo na kipimo, na muktadha ndio unaoamua. Pima kwa upande wake halitaji kiungo chochote. Ni kitenzi -pima kilichogeuka kuwa nomino. Mtu anayetanua mikono yake yote miwili anafanya lile tendo ambalo lugha imeliona kuwa kupima kwenyewe.

Mikopo ni shibiri (Kiarabu shibr), futuri (fitr) na dhiraa (dhirā', yaani sehemu ya mkono kutoka kiwikoni). Mikopo miwili ya kwanza imezaa homonimu ambazo mwanaleksikografia hana budi kuzitenganisha. Shubiri ya urefu inafanana kwa umbo na shubiri ya mmea mchungu, ambayo asili yake katika Kiarabu ni neno linaloanza na herufi sadi, si shini. Futuri ya urefu inafanana na futuri ya kufungulia saumu, ingawa katika Kiarabu neno la kwanza lina ta nyepesi na la pili lina ta nzito. Tofauti za konsonanti zilizotenganisha jozi hizo katika Kiarabu zimepotea katika Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba anayetafuta maneno haya katika kongoo ya matini atapata uchungu na futari kabla ya kupata urefu, na atahitaji kuangalia mazingira ya kila tokeo, hasa kuwapo kwa nambari jirani na neno.

Neno wari, lenye thamani ya dhiraa mbili, linasimama kando. Halitaji kiungo wala tendo la mwili. Linafanana na vār ya Kigujarati, yenye maana ya yadi, na mahali pake ni dukani. Tutalirejea katika sehemu ya 5.0.

3.0 Uwiano wa vipimo

Ugeuzaji wa ndani wa mfumo huu ni mwepesi. Shibiri mbili hufanya dhiraa moja kamili. Dhiraa mbili hufanya wari. Dhiraa nne hufanya pima. Katika maandishi ya fiqhi ya Kiislamu, ambayo yaliathiri sana elimu ya upimaji katika pwani, dhiraa hugawanywa katika vidole 24 vilivyowekwa kwa upana, kimoja kando ya kingine. Tukiichukua wanda kuwa kizio, tunapata:

wanda: 1
shibiri: 12
dhiraa kamili: 24
wari: 48
pima: 96

Vipimo viwili vimebaki nje ya orodha kwa sababu haviingii katika mfululizo wa kuzidisha kwa mbili: futuri na dhiraa konde. Hapa mfumo wa Wagiriki wa kale unasaidia, si kwa sababu ya uhusiano wa kihistoria, bali kwa sababu ulijengwa juu ya viungo vile vile. Wagiriki walikuwa na kipimo cha gumba na kidole cha shahada, wakakihesabu kuwa upana wa vidole 10; cha gumba na kidole cha mwisho, vidole 12; cha kiwiko hadi mafundo ya ngumi, vidole 18; cha kiwiko hadi ncha ya kidole, vidole 24; na cha mikono miwili iliyonyooshwa, vidole 96. Uwiano wa vipimo vitatu vya mwisho ni ule ule wa dhiraa konde, dhiraa kamili na pima. Kwa hiyo tunaweza kuiweka futuri kwenye nyanda 10 hivi na dhiraa konde kwenye nyanda 18, yaani robo tatu ya dhiraa kamili. Mifumo miwili ya jamii mbalimbali inaafikiana kwa sababu mwili ni ule ule.

Ni muhimu kusisitiza kwamba nambari hizi ni za uwiano, si za urefu. Hazisemi pima ina urefu gani. Zinasema tu kwamba pima ya mtu ni takriban mara nne ya dhiraa yake na mara nane ya shibiri yake. Kiwakilishi "yake" ndicho kinachobeba sharti lote la mfumo.

4.0 Ugeuzaji ndani ya mwili mmoja

Mahali ambapo sharti hilo linatimia kikamilifu ni katika kupima kivuli kwa nyayo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, wakati wa alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu hicho, ukiongeza kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kichwani. Mtu asiye na saa wala kijiti anaweza kusimama mahali palipo sawa, akatia alama mwisho wa kivuli chake, kisha akakipima kwa nyayo zake mwenyewe. Wanafalaki wa Kiislamu, akiwamo al-Biruni, walikichukua kimo cha mtu kuwa nyayo 7 au 6½ za mtu huyo huyo.

Tuchukue mfano wa Unguja, iliyo karibu na digrii 6 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini na kivuli cha adhuhuri hutoweka. Mwishoni mwa Juni, jua likiwa mbali kabisa upande wa kaskazini, kivuli cha adhuhuri hufika karibu nyayo 4 kwa mtu wa nyayo 7. Alasiri basi huingia kivuli kikiwa na nyayo 7 katika siku za jua la utosini, na karibu nyayo 11 mwishoni mwa Juni.

La kuzingatiwa ni kwamba mtoto wa chuoni na mwalimu wake watapata jibu moja. Kivuli cha mtoto ni kifupi, lakini na unyayo wake ni mfupi. Ufupi wa kwanza unafutwa na ufupi wa pili. Lau mtoto angekipima kivuli chake kwa nyayo za mwalimu, angekosea wakati. Lau angepewa kipimo cha sentimita, kingemfaa tu kama kingetengenezwa kwa kimo chake yeye. Hapa kipimo cha mwili hakina upungufu unaohitaji kusahihishwa na rula. Kutofautiana kwa miili, ambako kwa kawaida hutajwa kuwa udhaifu wa vipimo hivi, hakuna athari yoyote maadamu kipimwacho na kipimio vimetoka katika mwili mmoja.

5.0 Ugeuzaji baina ya miili

Hali hubadilika mara kitu kinapotoka mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nguo ndiyo mfano ulio wazi. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, kama Burton alivyoieleza, shuka ilihesabiwa kuwa dhiraa nne, na doti kuwa shuka mbili, yaani dhiraa nane au wari nne. Nguo hizo zilikuwa pia fedha: ndizo zilizolipiwa chakula, ujira na hongo ya kupita njiani. Kwa hiyo swali la "mkono wa nani?" lilikuwa swali la bei.

Tuseme doti imeuzwa kwa dhiraa nane bila kutajwa ni dhiraa gani. Ikiwa mpimaji ametumia dhiraa konde, nane zake ni sawa na sita kamili, kwa uwiano wa robo tatu tuliouona. Mnunuzi amekosa dhiraa mbili, yaani wari nzima, na hakuna aliyesema uongo, kwa kuwa nane zilihesabiwa na zilikuwa nane. Kosa la namna hii haliwezi kurekebishwa kwa kupima tena, kwa sababu kila upande utapima tena kwa dhiraa yake. Hurekebishwa kwa mapatano yanayotangulia upimaji. Ndiyo maana Kiswahili kilihitaji vivumishi: kamili kwa upande mmoja, konde kwa upande wa pili. Maneno hayo mawili yanaonesha kwamba wazungumzaji walilitambua tatizo na kulitatua ndani ya lugha, kabla ya kuwapo kipimo cha chuma.

Hata baada ya kukubaliana juu ya aina ya dhiraa, bado kuna tofauti ya mikono. Hapo ndipo wari ilipopata nafasi yake. Kwa kuwa haikutaja kiungo cha mtu yeyote, iliweza kuwa ya pande zote mbili. Dhiraa ilipofungwa kwenye wari kwa uwiano wa mbili kwa moja, ilianza kuwa nusu ya kijiti, si tena sehemu ya mkono. Neno lilibaki, lakini rejeo lake lilihama.

6.0 Ugeuzaji kwenda katika mfumo wa meta

Kuhama huko ndiko kunakoeleza tarakimu za kamusini. Yadi ya Kiingereza ina inchi 36, na tangu makubaliano ya kimataifa ya 1959 imewekwa kuwa sentimita 91.44 kamili. Nusu yake ni inchi 18, au sentimita 45.72, robo yake ni inchi 9, au sentimita 22.86, mara mbili yake ni futi 6, au sentimita 182.88. Tukikamilisha desimali tunapata dhiraa ya sentimita 46, shibiri ya sentimita 23 na pima ya sentimita 183. Wanaleksikografia waliowaandikia wasomaji wa Kiingereza walikadiria dhiraa kwa kipimo kilichokuwa karibu nao, nusu yadi, na makadirio hayo yalikuwa ya busara. Baadaye inchi zikageuzwa kuwa sentimita, na makadirio yakaanza kuonekana kama vipimo. Mtu mwenye kimo cha sentimita 165 hawezi kuwa na pima ya sentimita 183, lakini fasili ya tarakimu inamwambia kwamba anayo.

Uzito wa jambo hili unaonekana tunapohama kutoka urefu kwenda ujazo. Katika fiqhi ya Shafi, maji yaliyofikia kiwango cha qullatayn, yaani mitungi miwili mikubwa, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi tu, isipokuwa yakibadilika rangi, ladha au harufu. Kiwango hicho hutajwa kwa uzani kuwa ratili 500 za Baghdad, na kwa vipimo vya mwili kuwa shimo la mraba lenye dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina. Hesabu inayounganisha kauli hizo mbili ni nzuri kwa wepesi wake: dhiraa moja na robo ni robo tano, tano mara tano mara tano ni 125, kila kipande chenye robo ya dhiraa pande zote huchukua ratili 4, na 125 mara 4 ni 500.

Sasa tuigeuze kwa lita. Kwa dhiraa ya sentimita 46, upande mmoja ni sentimita 57.5 na ujazo ni lita 190 hivi. Kwa dhiraa ya sentimita 44, ujazo ni lita 166. Kwa dhiraa ya sentimita 48, ni lita 216. Tofauti ya sentimita 4 katika mkono, ambayo ni asilimia 9, imekuwa tofauti ya lita 50 katika birika, ambayo ni asilimia 30. Na iwapo fundi ametumia dhiraa konde kwa kutojua, birika lake litachukua sehemu 27 tu kati ya 64 za kiwango, yaani chini ya nusu. Hapo si hesabu pekee iliyoharibika. Wanaotawadha katika birika hilo wanayategemea maji yasiyofikia hukumu waliyoikusudia.

Mafakihi walikuwa waangalifu kuliko kamusi zetu. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, ratili 500 ni kwa taqrib, yaani kwa kukaribia, si kwa mpaka usiopunguzwa hata kidogo. Dhiraa yenyewe huelezwa kuwa ya mtu wa wastani, shibiri zake mbili kwa kukaribia. Ukadirio haukuachwa nje ya fasili. Ulifanywa kuwa sehemu ya hukumu.

7.0 Athari kwa tafsiri na kwa kamusi

Mfano wa kimo cha Goliathi katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17, unaonesha kile kinachopotea tafsiri inaporukia sentimita. Matini ya Kiebrania ya Kimasora inampa dhiraa sita na shibiri moja. Tafsiri kongwe ya Kigiriki, pamoja na hati ya Samweli iliyopatikana Qumran, zinampa dhiraa nne na shibiri moja. Kwa makadirio ya nusu yadi, hizo ni sentimita 297 na sentimita 206. Mbele ya tarakimu hizo msomaji anaona tofauti ya sentimita 91 na hana zaidi la kusema.

Tuirudishe hesabu katika uwiano wa Kiswahili. Dhiraa nne ni pima, na pima ni kimo cha mtu. Kwa hiyo riwaya ya pili inasema: kimo cha mtu mzima, na shibiri juu yake. Ni mtu mrefu ambaye anayepigana naye angeweza kuupima kwa kiganja urefu uliozidi. Riwaya ya kwanza inaongeza dhiraa mbili zaidi: kimo cha mtu, na juu yake wari nzima na shibiri. Hapo tumetoka kwa mtu mrefu tukaingia kwa jitu. Tofauti ya riwaya imekuwa tofauti ya aina ya kiumbe, na msomaji ameifahamu kwa mwili wake bila rula. Mfasiri aliyebakiza dhiraa na shibiri amemwachia msomaji uwezo huo. Aliyeandika sentimita ameuondoa.

Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza kwamba fasili ya kipimo cha mwili iwe na sehemu tatu kwa mpangilio maalumu. Ya kwanza ni kitendo: mkono uwekwe vipi, uanzie wapi na uishie wapi. Ya pili ni uwiano na vipimo jirani. Ya tatu, na ya mwisho, ni makadirio ya kimeta, yatolewe kama masafa, si kama nukta moja. Kidahizo cha dhiraa kingeweza kusomeka hivi: kipimo cha urefu kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati (dhiraa kamili) au hadi mafundo ya ngumi (dhiraa konde), dhiraa kamili ni sawa na shibiri mbili, na nne hufanya pima moja, kwa mtu mzima dhiraa kamili ni takriban sentimita 42 hadi 50. Fasili hiyo haizidi sana urefu wa zile tulizozizoea, na inamwezesha msomaji kufanya aina zote tatu za ugeuzaji akijua ni ipi anayoifanya.

8.0 Hitimisho

Vipimo vya mwili vya Kiswahili havikuwa vipimo vya meta vilivyoshindwa kukamilika. Vilikuwa mfumo wa uwiano wenye sharti moja, kwamba kipimwacho na kipimio vitoke katika mwili mmoja, au pande mbili zipatane mkono utakaotumika. Pale sharti lilipotimizwa, kama katika kivuli, jibu lilikuwa sahihi kwa mkubwa na mdogo. Pale lilipoweza kuvunjika, kama katika nguo, lugha ilitoa vivumishi vya kulilinda. Kazi iliyobaki kwa watafiti ni kupima: kukusanya dhiraa, shibiri na pima za mafundi wa majahazi, washonaji na wasuka ukili walio hai, wanaume kwa wanawake, ili masafa yatakayoandikwa kamusini siku moja yatokane na mikono ya wenye lugha. Kwa mshonaji wa jahazi au msuka mkeka, upimaji huo utachukua dakika chache tu.